Nikon D3500 kama kamera ya kuanzia: inapofaa na inapokwama kwa kazi za Unguja na Pemba

Mwanzisha uzi

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Nimeona niandike kwa urefu kuhusu Nikon D3500, kwa kuwa kijana anayetaka kuanza kupiga picha hapa Unguja aghlabu huikuta kamera hii mwanzo kabisa wa kutafuta kwake, na majibu anayopewa huwa ya watu wa aina mbili: muuzaji anayemsifia megapikseli, na mjuzi anayemwambia kwamba kamera za kioo kama hii (DSLR, zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitazamio) zimekwisha zamani zake. Nakusudia kuitazama kwa mizani ya kazi zetu za hapa. Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na subira asisumbuke: kwa picha za mchana na kwa kujifunza, thamani yake inapita bei yake, lakini kwa harusi za usiku na kwa video, mtu ataiona imemwishia mapema, na fedha zake ni afadhali azielekeze kwengine.

Nikon iliitangaza D3500 mwezi wa Agosti 2018, ikiwa na sensa (kile kibao kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, mdogo kuliko fremu ya filamu, yenye megapikseli 24.2, bila ya kile kichujio cha kulainisha ambacho kamera nyingi huwekewa mbele ya sensa, na matokeo yake ni picha kali za kuonesha kila njumu ya shaba katika mlango wa Mji Mkongwe. Hata hivyo, ukali si hoja kubwa siku hizi, maana simu nzuri nazo zinao. Hoja kubwa ni uwezo wa sensa hii kubeba mwanga mkali na kivuli kizito ndani ya picha moja, na mtihani huo kwetu ni wa kila siku. Tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linashuka karibu na wima, kuta nyingi zimepakwa chokaa, mchanga ni mweupe, na siku ya Sikukuu utakuta kanzu nyeupe inayong'aa imesimama ubavuni mwa buibui jeusi. Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba buibui ni jeusi kwa asili yake. Kikiona weusi mwingi hudhani pahala pana kiza, kikaizidishia picha mwanga, na kanzu ikaungua ikawa doa jeupe lisiloonesha hata tarizi ya shingoni.

Dawa yake ni kuweka ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) katika 100, kupiga katika faili ghafi za NEF badala ya JPEG, kisha kupunguza mwanga kwa kiasi cha hatua moja, yaani nusu yake, kwa kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwenye skrini picha itaonekana nyeusi, na mteja aliyesimama nyuma yako anaweza kunung'unika; lakini ukiifungua katika kompyuta na kuviinua vivuli, uso wa aliyevaa buibui hurejea na rangi yake bila ya chenga za kukera, yaani zile punje punje zinazochafua picha. Canon EOS 2000D, iliyotoka mwaka huohuo wa 2018 na ambayo ndiyo mpinzani wake wa bei, huanza kutoa chenga mapema zaidi ukiviinua vivuli kwa kiasi hicho. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kuipa D3500 nafasi ya mbele kati ya hizo mbili, ijapokuwa Canon ile ina Wi-Fi na hii haina.

Kitazamio chake cha kioo nacho kina faida ambayo watu wa pwani wataielewa haraka. Ukiwa Nungwi au Paje adhuhuri, skrini ya simu na hata ya kamera hufifia kwa jua, ukawa unapiga kwa kukisia. Hapa unaweka jicho, unaiona ngalawa yenyewe kwa mwanga wake wa asili, bila kuchelewa hata kidogo. Kasoro ni kwamba kitazamio kinaonesha takriban asilimia 95 tu ya kile kitakachoingia katika picha, hivyo mara kwa mara utakuta pembeni kuna ncha ya mguu au ndoo ambayo hukuiona, na pia hakikuambii picha itatoka nyeupe au nyeusi kiasi gani, jambo ambalo kamera za kisasa zisizo na kioo hukuonesha kabla hujabonyeza.

Betri ni jambo la kusifiwa bila ya masharti. Kwa kipimo rasmi cha watengenezaji, D3500 hutoa picha 1,550 kwa chaji moja, wakati Canon 2000D hutoa 500, na mwili wake bila ya betri wala kadi una uzito wa gramu 365 tu. Mtu akivuka kwenda kisiwa cha Misali asubuhi na kurudi jioni hana haja ya kufikiria chaja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Mdomo wa lenzi wa Nikon, ule unaoitwa F, umekuwepo tangu mwaka 1959, na kwa sababu hiyo duniani kuna lenzi nyingi mno za mkono wa pili ambazo muuzaji atakuapia kuwa zinaingia katika kamera yako. Kuingia zitaingia. Tatizo ni kwamba D3500 haina mota ya kulengea ndani ya mwili wake. Inategemea mota iliyomo ndani ya lenzi yenyewe. Lenzi za AF na AF-D za zamani hazina mota hiyo, zilikuwa zikizungushwa na kamera, kwa hiyo ukiifunga 50mm f/1.8D katika D3500 utalazimika kulenga kwa mkono kila picha. Anayetaka kamera ijilengee mwenyewe atafute lenzi zenye jina la AF-S au AF-P. Herufi moja tu, S au P, inayofuata AF katika jina la lenzi, ndiyo inayotenganisha fedha iliyotumika vyema na fedha iliyopotea, na muuzaji asiyejua au asiyetaka kujua hatakueleza.

Lenzi inayokuja nayo aghlabu ni AF-P 18-55mm f/3.5-5.6 VR. Inalenga upesi, haina kelele, na kwa picha za mchana sina ugomvi nayo, isipokuwa kwamba haina swichi ubavuni, hivyo ukitaka kulenga kwa mkono au kuzima kituliza mtikisiko inakubidi uingie katika menyu. Udhaifu wake hujitokeza jua likizama. Ukiivuta hadi 55mm, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa pana), ilhali lenzi ndogo ya AF-S DX 35mm f/1.8G, ambayo Nikon iliitoa mwaka 2009 na haina zumu, hupitisha mwanga takriban mara 10 zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumpiga mchoma mishkaki wa Forodhani akiwa ametulia katika picha kwa mwanga wa taa zake mwenyewe, na kumpata akiwa ukungu mtupu. Kwa sensa hii 35mm huona karibu sawa na 52mm ya kamera za filamu, yaani mtazamo wa kawaida, na kwa vyumba vyetu inafaa kuliko 50mm, ambayo hapa huwa kama 75mm na kukulazimisha urudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Ushauri wangu kwa mwenye fedha za kubana ni kwamba lenzi hii iwe ya pili kununuliwa, kabla ya flashi, kabla ya mkoba, na kabla ya lenzi yoyote ndefu.

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hata 18mm huwa haitoshi kulichukua jumba kutoka msingi hadi baraza ya juu. Iko lenzi ya AF-P DX 10-20mm iliyotoka mwaka 2017 inayolitatua hilo. Anayepigia picha nyumba za wageni aijue, wengine wasijisumbue.

Kuhusu uendeshaji, kamera ina gurudumu moja tu. Ukiwa unapiga kwa kujipangia kila kitu, gurudumu hilo hubadilisha kasi ya shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike katika sensa), na ukitaka kubadilisha tundu la lenzi unashikilia kitufe kingine huku ukizungusha. Mwanafunzi huzoea, lakini mtu wa matukio anayebadilisha vyote viwili kila dakika atachoka vidole. Haina njia ya kupiga picha tatu za mwanga tofauti kwa mfululizo, skrini yake haikunjuki wala haiguswi, na ina nukta 11 za kulengea zilizokusanyika katikati, kwa hiyo uso ulio pembezoni huwezi kuulenga bila kuisogeza kamera kwanza.

Flashi nayo ina mpaka wake. Shata hairuhusu flashi kupita kasi ya 1/200 ya sekunde, na haina ile njia ya kuiwezesha flashi kufanya kazi katika kasi za juu zaidi. Kwa jua letu la mchana kweupe, ukiwa na ISO 100 na kasi ya 1/200, utalazimika kufunga tundu hadi karibu f/11, na kwa f/11 nyuma ya bwana harusi kila kitu kitaonekana wazi, hata kamba ya nguo. Anayetaka uso uliojazwa mwanga na nyuma iliyofifia asubiri alasiri, au amweke mtu wake kivulini.

Mwisho ni bahari. Mwili wa kamera haukuzibwa dhidi ya vumbi na maji, na tofauti na kamera nyingi nyengine, hii haina kitikisio cha kusafisha sensa. Upepo wa kusi ukivuma pwani ya mashariki, kubadilisha lenzi ufukweni ni kuialika chembe ya mchanga ikae ndani. Badilisha ndani ya gari, au usibadilishe.

Bint Mkunazini

Waalaykum salaam, kaka. Nashukuru kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi napiga picha katika shughuli za kinamama, yaani kupamba na singo, na huwa ndani ya ukumbi usiku. Nimeahidiwa D3500 kwa bei nafuu pamoja na hiyo lenzi ya 18-55. Umesema kwa harusi za usiku nitaiona imeniishia. Je, ni kwa sababu ya chenga tu, au kuna mengine? Na la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: wateja wangu wananikabidhi picha za bibi harusi akiwa hana hijabu, na hawataki zionekane na mwanamme yeyote asiye wao. Kamera hii inajiunganisha na simu. Kuna hatari gani?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, chenga si tatizo kubwa. Kwa ISO 3200 ukiwa na lenzi ya 35mm utapata kazi ya kumkabidhi mteja bila kuona haya. Yanayonitia wasiwasi ni mengine. Kwanza, kamera ina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikiharibika, shughuli nzima imekwenda, na kupamba hakurudiwi. Kamera za matukio huwa na kadi mbili zinazoandika kwa pamoja. Ukiichukua hii, tumia kadi ndogo ndogo kadhaa na uzibadilishe kila shughuli ikigeuka, ili hasara ikitokea isiwe ya yote.

Pili, taa za kumbi siku hizi ni za LED, na nyingi humetameta kwa kufuata umeme wetu wa hezi 50, ijapokuwa jicho halioni. Ukipiga kwa kasi kubwa utapata mistari ya kiza katika picha, au picha moja ya manjano na inayofuata ya buluu. D3500 haina kinga ya hilo wakati wa kupiga picha kwa kitazamio. Kaa katika 1/50 au 1/100, utasalimika mara nyingi, lakini anayecheza ngoma kwa 1/50 atatoka amefifia. Hapo ndipo utakapohitaji flashi, na flashi iliyomo juu ya kamera ni dhaifu mno kwa ukumbi, tena haiwezi kuamrisha flashi nyengine iliyowekwa mbali.

Kuhusu siri za wateja, umeuliza jambo ambalo wengi hawalifikirii. D3500 hutumia Bluetooth kupitia programu ya SnapBridge, na ukishaiunganisha na simu, inaweza kupangwa ipeleke picha zenyewe, moja baada ya moja, katika ukubwa mdogo wa megapikseli 2. Picha zikifika katika simu, na simu yako ikawa imewekwa ihifadhi picha zote katika akaunti ya intaneti, zimekwisha kutoka mikononi mwako bila wewe kubonyeza chochote. Ingia katika menyu ya kamera, zima kabisa upelekaji wa kujiendesha, na kwa shughuli za kinamama zima Bluetooth yenyewe. Kwa kazi kama yako, kukosa Wi-Fi nakuhesabia kuwa ni faida.

Kwa jumla, ukipewa kwa bei nafuu ichukue kama kamera ya pili na ya kujifunzia, pamoja na 35mm. Usiitegemee peke yake katika shughuli ya kulipwa.

Mzee wa Wete

Mwanangu, umesema kweli nyingi, nami naongeza machache kwa kuwa lenzi za zamani nimeishi nazo.

Lenzi za AF-D umezihukumu kwa ukali. Katika kitazamio cha D3500 kuna nukta ndogo upande wa chini inayowaka ukiwa umelenga sawasawa, hata kama unazungusha kwa mkono. Kwa mtu anayepiga vitu vilivyotulia, kama milango, mitumbwi iliyopwelewa au wazee wamekaa barazani na wamekubali kupigwa, lenzi ya AF-D iliyo safi ni mali. Pa kujihadhari zaidi ni zile za zamani kuliko hizo, zisizo na viunganishi vya umeme: hizo katika kamera hii hata mwanga hazipimiwi, inabidi uweke kwa mkono na ukadirie. Kwa mwanafunzi ni darasa zuri. Kwa mwenye haraka ni adhabu.

La pili ni kuvu. Huku kwetu Pemba masika yakishika, unyevu huingia hata ndani ya kabati, na lenzi iliyofungiwa katika mkoba wa ngozi huota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye vioo vya ndani. Nyuzi hizo hutoa tindikali inayotafuna kioo, na fundi akizisafisha wakati mwengine alama hubaki. Weka vifaa katika deste la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vya silika, na vifuko hivyo vikaushwe kila vikishiba. Muhimu zaidi, kamera itumike. Lenzi inayotoka nje kupata hewa na jua ni nadra kuota kuvu.

Kijana wa Paje

Kwa heshima zote, wazee wangu, nauliza: kwa nini mtu anunue kifaa ambacho kampuni yenyewe imeacha kukitengeneza? Mimi nafanya video za mchezo wa tiara baharini na za hoteli, kwa simu tu. Simu inarekodi 4K, inatuliza mtikisiko, na kazi inamfikia mteja kabla sijaondoka ufukweni. D3500 mwisho wake ni 1080p.

Mwanzisha uzi

Katika video sitokubishia, ndugu yangu. Nimesema hayo tangu mwanzo. Zaidi ya kuishia 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde, D3500 haina tundu la kuchomeka maikrofoni, maikrofoni yake ya ndani ni ya mkondo mmoja, na kulenga kwake wakati wa kurekodi ni kwa kusitasita. Kwa pwani yenye upepo hutosikia ila upepo. Endelea na simu yako, na ukitaka kupanda, panda uende kwenye kamera isiyo na kioo.

Nisipokubaliana nawe ni katika kulifanya lile la kuachwa kutengenezwa kuwa ni hukumu. Lenzi za AF-S na AF-P utakazonunua leo zitakufuata: kwa kutumia kiungio cha FTZ zinafungika katika kamera za Nikon za mfumo mpya wa Z na kujilengea zenyewe. Halafu kuna kazi ambazo simu bado haizifanyi. Nenda Jozani ukawatazame kima punju juu ya miti, ndani ya kivuli cha msitu. Lenzi ya AF-P 70-300mm katika sensa hii hukufikisha karibu na 450mm, na picha 5 kwa sekunde zinatosha kumpata anaporuka. Simu itakupa rangi iliyopakwa na programu, bila hata unyoya mmoja ulio wazi.

Bint Mkunazini

Kaka, nimekubali kuichukua kwa masharti uliyoyataja. Kesho nakwenda kuikagua. Nitazame nini?

Mwanzisha uzi

Nenda na kadi yako mwenyewe na tochi ndogo. Vua lenzi, imulike kwa tochi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Ukiona nyuzi alizozitaja mzee wetu wa Wete, iache hata kwa bei ya bure. Kisha irudishe, funga tundu hadi f/22, piga ukuta mweupe au mbingu, na uikuze picha: madoa meusi yasiyohama ni vumbi la sensa, ambalo linasafishika, nawe uombe upunguziwe bei, lakini mikwaruzo haisafishiki. Piga picha kadhaa kwa kasi ya 1/4000, ambayo ndiyo ya mwisho kwake, ukiangalia kama kuna upande unaotoka na kiza, maana hiyo ni dalili ya shata kuchoka. Faili za Nikon hubeba ndani yake idadi ya mara shata ilivyofunguka tangu kamera ilipotengenezwa, kwa hiyo peleka picha moja nyumbani uisome kwa kompyuta kabla hujalipa. Jaribu pia kulenga kwa ncha zote mbili za zumu, na uinue flashi uone kama inawaka. Betri iwe ya EN-EL14a na chaja yake iwepo. Betri za bandia huvimba, na iliyovimba hukwama ndani ya mwili ikawa haitoki.

Ikiwa muuzaji hataki ukae nayo kwa muda wa kuyafanya hayo yote, muage kwa wema uondoke.